Meno ya Binti na Maji ya Kisima



Majuma machache yaliyopita walinijia mume na mke kunitaka ushauri juu ya posa. Kijana wao, afanyaye kazi Nyeri, ameazimia kumwoa binti wa Kiislamu wa huko, mwenye dini na adabu. Lililowatatiza ni meno. Binti ana madoa ya kahawia katika meno ya mbele, na bibi yake kijana ameshatoa hukumu kwamba hiyo ni kasoro ya ukoo, itawafuata vitukuu.

Nikawauliza mambo mawili: ndugu zake wana meno gani, na maji ya utoto wao yalitoka wapi? Wakapiga simu. Kaka zake wawili wana madoa kama yeye. Mdogo wao wa mwisho, aliyezaliwa baada ya familia kuhamia Mombasa, ana meno meupe. Maji ya nyumba ya zamani yalikuwa ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Baba mmoja, mama mmoja, maji mbalimbali.

Hapa inafaa tufahamu jino linavyojengwa. Karibu kila seli ya mwili ina jeni zile zile. Kinachoitofautisha seli ya jino na ya ini ni jeni zipi zimefunguliwa, lini, na kwa kiasi gani. Kama wanafunzi wa chuo kimoja wenye kitabu kimoja, kila mmoja akasomeshwa mlango wake kwa zamu yake. Jino huanza kuumbika yapata juma la sita la mimba, na jeni kama MSX1 na PAX9 ni miongoni mwa zinazosimamia mwanzo huo. Meno ya ukubwani hujengwa ndani ya ufizi tangu mtoto azaliwapo hadi afikapo kama miaka minane, ukiacha magego ya mwisho.

Ifikapo zamu ya enameli, yaani gamba gumu la nje, seli zake hufungua jeni ya amelojenini. Protini hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kiunzi laini ambamo madini hupangika. Kisha jeni hiyo hupunguzwa sauti, ikafunguliwa nyingine ya kimeng'enya kiitwacho kalikreini-4, nacho hukivunjavunja kiunzi na kukiondoa ili madini yajaze nafasi. Enameli iliyokamilika ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake. Jino likishatokeza, seli zilizoijenga huwa zimekwisha, wala hazirudi. Ndiyo maana enameli haioti upya.

Floraidi ikizidi mwilini katika miaka hiyo, hatua ya mwisho huvurugika. Katika majaribio ya panya, floraidi nyingi imeonekana kupunguza kusomwa kwa jeni ya kalikreini-4. Protini husalia ndani, gamba hubaki na vitundu vidogo mno, na jino hutoka na mabaka kama ya chokaa ambayo baadaye hunyonya rangi. Kilichovurugika ni kusomwa kwa jeni kwa wakati wake. Maandishi yake hayakuguswa. Madoa ya namna hiyo hayarithiwi.

Miamba ya Nyeri na miji iuzungukayo Mlima Kenya ni ya volkano, na miamba ya namna hiyo huweza kuyatia floraidi maji ya chini. Utafiti wa visima vya Kenya uliochapishwa mwaka 1984 ulipima sampuli zaidi ya 1,000. Asilimia 61 zilizidi miligramu 1 kwa lita, na karibu asilimia 20 zilizidi 5. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha 1.5. Mkoa wa Kati ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizopatikana na viwango vya juu. Hata hivyo visima si sawa, na jirani wawili huweza kutofautiana.

Ipo kasoro ya enameli ya kurithi kweli, nayo ni nadra. Hutokana na hitilafu ndani ya jeni zenyewe, mara nyingi hugusa meno ya utotoni na ya ukubwani pamoja, wala haijali mtoto amelelewa wapi. Anayezipambanua ni daktari wa meno. Nikawashauri binti aonwe, kwa ridhaa yake. Akaonwa, na jibu likawa ni floraidi.

Wenye watoto wadogo huko bara, pimisheni maji ya kisima chenu. Kuyachemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua, yenyewe huzidi kukolea. Maji ya mvua ni bora kwa mtoto. Punguzeni magadi katika mapishi, kwani nayo huweza kuwa na floraidi nyingi. Dawa ya meno isiachwe, kwa kuwa floraidi kidogo juu ya jino hulikinga. Ila mtoto wa chini ya miaka mitatu apewe kiasi cha punje ya mchele, na afunzwe kutema. Wala msimlaumu mwenye madoa kwamba hapigi mswaki; madoa hayo yamo ndani ya gamba.

Bibi yake kijana alipoelezwa, aliuliza moja tu: na watoto wao je? Nikamjibu kwamba hilo litategemea maji watakayonyweshwa. Akanyamaza, kisha akasema mjukuu wake akapose.

Wabillahi tawfiq.