Kitui: Mashine Imefika Mlangoni, Dawa I Wapi?

Mwezi wa Novemba mwaka 2024 nilisafiri kwenda Kitui kumzika mjomba wangu, na maziko hayakunisubiri. Marehemu alianguka alfajiri akitawadha. Mkono na mguu wa kulia ulikufa, maneno yakawa hayatamkiki, na siku ya pili kabla ya adhuhuri alikuwa ametangulia mbele ya haki. Nilichokikuta ni hitima.

Huenda msomaji wa Mombasa au Lamu akashangaa kusikia habari ya hitima Kitui. Asishangae. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wakishusha pembe za ndovu hadi Mombasa, na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa huko, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, safari ambayo Mzungu huyo aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Biashara hiyo hiyo ya misafara iliwapandisha Waswahili bara, wengine wakaoa na kubaki, na adhana yasikika mjini humo hadi leo.

Barazani, baada ya dua, yalianza mazungumzo ambayo nina hakika umeyasikia hata kwenu. Kila mtu alisema marehemu alikuwa mzima. Hakuwa na homa wala kikohozi. Ijumaa alisali msikitini, na Jumamosi alikuwa kwenye cherehani yake. Basi imekuwaje? Mzee mmoja alisema ni upepo mbaya. Mwingine akataja husuda ya watu wa sokoni. Kijana mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba ni presha. Akanyamazishwa, si kwa ukali, bali kama anyamazishwavyo mtu aliyetaja jambo lisilofaa mbele ya wageni. Nikauliza marehemu alipimwa presha lini mara ya mwisho. Mkaza mjomba, ambaye tayari alikuwa edani, alileta jibu kwa mtoto: hakupata kupimwa. Fundi huyo alipima viuno na mabega ya watu kwa zaidi ya miaka 40, na yeye hakuna aliyempima.

Wala hakuwa peke yake. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 katika kila 4 alikuwa na presha ya juu. La kutisha zaidi ni kwamba watu 56 katika kila 100 walikuwa hawajapata kupimwa presha hata mara moja maishani mwao, na kwa upande wa sukari, wasiopata kupimwa walikuwa 88 katika kila 100. Presha haiumi. Huo ndio ubaya wake. Malaria hukulaza kitandani ukatafuta dawa. Presha hukuacha uende sokoni, ule, ucheke, huku yachakaza mishipa ya ubongo na figo mwaka baada ya mwaka.

Sisi wa Pwani tuna mazoea ya kuwacheka Wakamba kwa habari za uganga, nami nilikwenda Kitui na mzaha huo kichwani. Lakini watafiti walioandika mwaka 2008 juu ya kiharusi nchini Tanzania walikuta jambo la kututia haya. Dar es Salaam, mji wa pwani wenye hospitali kubwa, ndiko watu wengi walikosema kiharusi hutokana na majini na uchawi. Watu wa Hai, chini ya Kilimanjaro, walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Basi tusiwe wepesi wa kusema kwamba mjinga ni mtu wa bara. Wala mimi sisemi majini hayapo, Kurani imeyataja. Nasema tu kwamba presha ina mashine ya kuipima na jini hana, na mwenye busara huanza na lile linalopimika.

Tena ugonjwa huu haukuwa wetu tangu zamani. Daktari Donnison, aliyefanya kazi Nyanza wakati wa ukoloni, alichapisha mwaka 1929 habari za watu 1,000 aliowapima, akaeleza kwamba presha yao haikupanda kadiri walivyozeeka. Miaka ya 1980 watafiti wengine waliwafuata vijana wa Nyanza waliohamia Nairobi, wakaona presha yao imepanda mapema baada ya kuingia mjini, na chumvi waliyoila imezidi. Mjomba naye alikulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kunde, akazeekea chapati, chai ya sukari nyingi na vyakula vya kukaanga. Huko Pwani sina haja ya kutaja papa mkavu, achari, mahamri na halua. Msomaji ayajua meza yake.

Siku ya tatu ya matanga alikuja mama mmoja wa Kikamba, mhamasishaji wa afya wa mtaa ule, akiwa na begi mgongoni. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 Serikali ilizindua ugawaji wa mabegi kama hayo kwa wahamasishaji 100,000 nchi nzima, kila begi likiwa na mashine ya presha, kimashine cha kupimia sukari, mizani na kipimajoto. Alivua viatu, akatoa pole, kisha akaomba kuwapima wazee waliokuwapo. Jambo hili nililipenda. Kaunti ya Kitui ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na watu 1,136,187 kwa hesabu ya mwaka 2019. Ukimngoja kila mmoja aje hospitali mwenyewe, wengi watakuja wakiwa wamebebwa.

Nilipimwa wa kwanza ili niwatie moyo wengine. Mashine ikasoma 168 kwa 102, na mpaka wa hatari ni 140 kwa 90. Nilikuwa nimekuja kuwapa wengine pole!

Ndipo mzee mmoja, rafiki wa marehemu, aliponyosha mkono wake kisha akaurudisha. “Mwanangu,” alimwambia yule mama, “ukinipima utaniambia nina presha. Vidonge unavyo?”

“Sina, baba. Nitakuandikia uende zahanati.”

“Nimetoka huko jana na mke wangu. Wamesema havijaja.”

Mama yule hakuwa na jibu, nami sikuwa nalo. Nimelifikiri swali hilo tangu siku hiyo, na naona kwamba hatuwatendei haki wazee tukisema wanaogopa kupimwa kwa sababu ya ujinga. Mzee yule alijua presha ni nini. Alichokataa ni kupewa hofu bila dawa. Vidonge vya presha si vya wiki moja. Ni vya kila siku, aghalabu mpaka mwisho wa umri, na anayevipata Machi akavikosa Aprili hayuko salama.

Watu wa sehemu hizi wamejaribu kulijibu swali hilo mara nyingi. Bi. Charity Ngilu, mbunge kutoka Kitui, alipokuwa Waziri wa Afya alipeleka Bungeni mswada wa bima ya afya kwa wote. Ulipitishwa mwaka 2004, na Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Jirani zao wa Makueni, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, walianzisha mpango wa MakueniCare mwaka 2016: kila nyumba shilingi 500 kwa mwaka, na matibabu katika hospitali za kaunti. Ngilu alipokuwa gavana akaanzisha wa kwake Kitui, shilingi 1,000 kwa nyumba. Tarehe 1 Oktoba 2024 ikaingia Mamlaka ya Afya ya Jamii mahali pa bima ya zamani ya NHIF, na kima cha chini kikawekwa shilingi 300 kwa mwezi. Kila mpango ulikuja na jina lake na kadi yake. Mgonjwa wa presha hauhesabu mpango kwa jina. Huuhesabu kwa vidonge.

Na sisi Waislamu tungoje Serikali tu? Tuna wakfu wa visima na wa mikeka. Sioni kwa nini msikiti usiwe na wakfu wa vidonge vya presha, kwa ajili ya miezi ile zahanati inapokaukiwa. Vya kawaida si ghali. Mwezi wa Shaabani nao ungekuwa wakati wa imamu kuwakumbusha wenye sukari waende kwa daktari kabla ya Ramadhani, waulize kama wataweza kufunga, na dawa zao wazinywe vipi.

Mimi dawa zangu nazinunua dukani, kwa kuwa naweza. Siku ya arubaini nilirudi Kitui, nikamkuta yule mzee barazani pale pale. Nikamuuliza kama amekwisha kupimwa. Naye akaniuliza kama dawa zimefika.