Aliyebonyeza "Nakubali" Ni Nani?

Kila mjadala wa magemu ya simu na faragha unapozuka kwetu, lawama humwangukia mama. Kwa nini alimpa mtoto simu? Kwa nini hakusoma masharti? Kwa nini hakukagua ruhusa kabla ya kupakua? Nimeyasikia maswali hayo redioni, nimeyakuta katika makala tulizoletewa kwa ajili ya toleo hili, na baadhi ya makala hizo nimezirudisha kwa wenyewe nikiwaomba waanze upya. Yameniudhi, na wasomaji wataona dalili zake katika ukurasa huu.

Tuitazame simu yenyewe. Katika nyumba nyingi za kwetu simu janja ni moja au mbili, na kila mtu ana zamu yake. Asubuhi inapokea oda za vitenge kwenye WhatsApp. Mchana inapokea pesa. Jioni imo mikononi mwa mtoto wa darasa la tatu anayekimbia juu ya mabehewa ya treni, na usiku shangazi anapanga peremende za rangi mpaka chaji inaisha. Laini imesajiliwa kwa jina la mama. Akaunti ya Google ilifunguliwa na kijana aliyeuza simu, dukani, kwa haraka, na mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa humo ni ule uliomjia kichwani. Siku gemu lilipofunguka mara ya kwanza, maandishi ya Kiingereza yalifunika skrini, na chini yake palikuwa na kitufe. Mtoto alikibonyeza kwa sababu kilikuwa kimemzibia mchezo.

Sheria zetu zimejengwa juu ya ridhaa, na kitufe hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa ridhaa. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, ya mwaka 2019, kinakataza kuchakata data ya mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayosomeka kwa Kiswahili kizuri, na tume yake ya kuisimamia. Mwanasheria wa Dodoma aliyetuandikia makala ya kwanza anazifafanua sheria hizi kifungu kwa kifungu, na kazi yake ni ya thamani kwa yeyote anayetaka kulalamika rasmi. Ila sikubaliani na hitimisho lake kwamba dawa ni elimu kwa wazazi. Unamfundisha mama kusoma nini? Sera ya faragha ya gemu la bure kwa kawaida ni kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili, nayo humwambia kwamba taarifa zitagawiwa kwa "washirika". Hata angekuwa jaji asingeweza kujua washirika hao ni akina nani, kwa sababu hubadilika kila tangazo linapoonyeshwa.

Hapo ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo, maana ndipo mjadala wetu unapopita haraka mno.

Mtoto ameanguka, na mchezo unampa nafasi ya kufufuka endapo atatazama tangazo. Anabonyeza. Kipande cha programu ambacho kampuni ya matangazo imekipachika ndani ya gemu kinatuma ombi kwenye mnada. Ombi hilo linaweza kuwa na jina la gemu, aina ya simu na toleo la mfumo wake, lugha, mtandao wa simu, anwani ya intaneti, na kitambulisho cha matangazo, yaani mfululizo wa tarakimu na herufi 32 ambao kila programu iliyomo kwenye simu hiyo inaweza kuuona uleule. Kama ruhusa ya mahali ilitolewa, latitudo na longitudo nazo zimo. Kama haikutolewa, anwani ya intaneti hutosha kuonyesha angalau mji. Kampuni nyingi hulipokea ombi hilo kwa pamoja na kutaja bei, na mshindi hupatikana ndani ya takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Mshindi anaonyesha tangazo lake la sabuni. Walioshindwa hawakuonyesha kitu, lakini ombi wamelisoma, na hakuna kufuli lolote la kiufundi linalowazuia kulihifadhi.

Mnada huo una kiwango chake kinachotumika duniani kote, kiitwacho OpenRTB, na ndani yake kuna sehemu ya tarakimu moja tu. Ikiandikwa 1, mnunuzi anaarifiwa kwamba gemu hilo liko chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayolinda watoto wa chini ya miaka 13 mtandaoni. Ikiandikwa 0, hapana. Ipo sehemu nyingine kwa ajili ya sheria ya Umoja wa Ulaya. Mtoto wa Mwanza au wa Kisumu hana sehemu yake. Sheria zetu tumezitunga, tumezitangaza, tumeziundia ofisi, na katika mahali hasa ambapo data ya mtoto wetu inapigwa mnada, hazina hata tarakimu moja.

Wanaodhani ninakuza mambo wakumbuke Januari mbili. Januari 2014, nyaraka alizozitoa Edward Snowden zilionyesha kwamba mashirika ya ujasusi ya Marekani na Uingereza, NSA na GCHQ, yalikuwa yakivuna taarifa zinazovuja kutoka programu za simu, na gemu la Angry Birds likatajwa kwa jina. Rovio ya Finland, iliyolitengeneza, ilijibu kwamba haikushirikiana na majasusi, na kwamba kama kulikuwa na uvujaji basi huenda ulitokea kwenye mitandao ya matangazo ya watu wengine. Januari 2025, wadukuzi walitoa sampuli ya data waliyosema wameiiba kwa Gravy Analytics, dalali wa data wa Marekani anayeuza taarifa za mahali simu zilipo. Ndani yake mlikuwa na orodha ya maelfu ya programu, zikiwemo Candy Crush, Temple Run na Subway Surfers. Baadhi ya kampuni zilizotajwa katika orodha hiyo zilisema hazina uhusiano wowote na Gravy.

Kati ya Januari hizo mbili ilipita miaka 11, na jibu ni lilelile. Mimi naliamini kwa sehemu kubwa. Watengenezaji wengi wa magemu hawajui data ya wachezaji wao inaishia wapi, kwa kuwa walichukua kipande cha programu cha kampuni ya matangazo, wakakipachika, na wakaanza kupokea fedha mwisho wa mwezi. Lakini kama mtengenezaji mwenyewe hajui, basi idhini tunayomdai mama ni idhini ya kitu gani? Ndiyo sababu nasema ridhaa katika biashara hii imekufa, na sheria inayoitegemea peke yake haitamlinda mtoto yeyote.

Kuna msomaji atakayesema hana cha kuficha. Namwomba akumbuke mikopo ya mtandaoni. Programu za mikopo zilipochukua majina yote yaliyokuwa kwenye simu na kuanza kumpigia mama mkwe, bosi na mchungaji, hakuna aliyeuliza faragha ni nini. Kenya ilitoza faini mwaka 2023. Tanzania, Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zisizo na leseni mnamo Novemba 2024, na mikopo ya aina hiyo inajulikana kila mtaa kwa jina la "kausha damu". Magemu yanachukua kwa ukimya. Hakuna anayepigiwa simu, hakuna anayeaibishwa mbele ya jirani, kwa hiyo hakuna anayekwenda kushtaki. Ofisi zinazosubiri malalamiko ndipo zichunguze zitasubiri sana. Data ya mahali simu inapolala usiku na inapokaa saa za masomo hutaja nyumba na shule ya mtoto bila kumtaja jina, na mwenye kuinunua hana haja ya kukujulisha.

Kwa hiyo tuwafuate waendesha mnada. Jimbo la New Mexico, Marekani, lilijaribu. Septemba 2018 mwanasheria mkuu wake aliishtaki Tiny Lab, kampuni ya Lithuania iliyotengeneza magemu ya watoto, na katika shauri lilelile akaziunganisha kampuni za matangazo zilizopachika vipande vyao ndani ya magemu hayo, Google ikiwemo. Mahakama iliwaachia kadhaa kati yao kwa sababu haikuonyeshwa kwamba walijua kuwa wachezaji ni watoto, na Google ikabaki. Funzo kwa watunga sheria wetu liko wazi: tukiacha "sikujua" iwe kinga, kila mmoja katika mnyororo huu hatajua. Sheria iseme kwamba anayenunua au kuuza nafasi ya tangazo ndani ya gemu ana wajibu wa kujua, na asipojua, asiguse kitambulisho.

Kijana wa Nairobi anayetengeneza magemu ametuandikia makala ya upinzani, na nimeipa nafasi kubwa kwa kuwa ameandika kwa moyo wa mtu anayetafuta riziki. Anasema wateja wake hawana kadi za benki, hawanunui gemu hata kwa shilingi 50, na tangazo ndilo linalomlipia kodi ya nyumba. Namwelewa. Lakini tangazo linaweza kufuata gemu badala ya kumfuata mtu: gemu la mpira lionyeshe tangazo la viatu vya mpira kwa kila anayelicheza, bila kuuliza yeye ni nani wala analala wapi. Bei yake kwenye mnada ni ndogo zaidi, hilo ni kweli. Tofauti ya bei hiyo ndiyo thamani ya siri za watoto wetu, na sioni kwa nini yeye, au mtu mwingine yeyote, awe na haki ya kuidai.

Makala kuhusu Pokémon GO ni ndefu na itawafurahisha wapenzi wa gemu hilo. Mwandishi anaeleza jinsi Niantic, kampuni iliyolitengeneza, ilivyotangaza mwaka 2024 kwamba picha walizozichukua wachezaji kwa hiari yao katika maeneo ya mchezo zinasaidia kujenga modeli kubwa ya ramani ya dunia, na jinsi biashara ya magemu yake ilivyouzwa mwaka uliofuata kwa dola bilioni 3.5 kwa Scopely, ambayo mmiliki wake ni Savvy Games ya Saudi Arabia. Wachezaji wa mwaka 2016 hawakujua watakuwa na mwenye nyumba mwingine. Mwalimu wa Tanga ameandika kurasa mbili kuhusu wanafunzi wake na simu za kuazima. Zisomeni kwanza.

Kabla sijamaliza, jambo moja la kufanya leo. Kwenye simu ya Android fungua mipangilio, ingia Google, kisha matangazo, na ufute kitambulisho cha matangazo. Kikishafutwa, gemu linalokiuliza hupewa sifuri tupu. Wenye iPhone huulizwa tangu mwaka 2021 kama wanakubali kufuatiliwa, na wanaweza kukataa. Sisi wengi wa Android hatuulizwi. Kifute pia kwenye simu ya bibi, maana ndiyo inayochezewa zaidi. Lakini usimkubalie mtu anayekuambia kwamba kazi imeishia hapo, kwa kuwa anwani ya intaneti na aina ya simu bado vinaendelea kutumwa.

Kazi iliyobaki ni ya Bunge. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Uamuzi huo nauunga mkono. Tatizo ni kwamba faini ya juu kabisa ambayo kamishna anaweza kutoza ni shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya kampuni, na kati ya viwango hivyo viwili sheria inachukua kilicho kidogo. Shule ya mtaani ilikaribia kabisa kikomo ambacho kampuni ya gemu yenye mabilioni ya dola haiwezi kukivuka. Marekani, mwezi Desemba 2022, Epic Games ilikubali kulipa dola milioni 275 kwa kukiuka sheria ya faragha ya watoto katika gemu lake la Fortnite. Ulaya kikomo ni euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima, na kinachochukuliwa ni kikubwa.

Wabunge wa Kenya wanaweza kurekebisha hilo kwa marekebisho ya mstari mmoja katika kifungu cha 63 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, ili kiwango kikubwa ndicho kitumike. Tunawaomba wafanye hivyo, na tunaiomba Tume ya Tanzania iitake kila kampuni ya matangazo inayouza nafasi ndani ya magemu yanayochezwa nchini ijisajili na ieleze inampa nani data ya watoto. Wasomaji mlio na mbunge wa kumwandikia, mwandikieni.