Ushuru wa bia usimwache mkulima wa mtama njia panda

MKULIMA wa mtama katika Kitui au Siaya huenda hajawahi kuonja bia, lakini mapato yake yanategemea bei ya kikombe cha keg mjini. Bei hiyo nayo hutegemea ushuru.

Pombe ya nafaka si jambo geni kwetu. Kabla ya kiwanda cha kwanza cha bia kuanzishwa Nairobi mwaka wa 1922, akina mama wa Magharibi walikuwa wakipika busaa kwa kimea cha ulezi. Kiwanda kilipokuja kilitegemea shayiri, ambayo hustawi katika nyanda za juu kama vile Narok na Molo. Mkulima wa maeneo makavu akabaki mtazamaji.

Hali ilianza kubadilika baada ya pombe yenye sumu kuua zaidi ya watu 100 Nairobi mnamo Novemba 2000. Mwaka wa 2004 bia ya Senator Keg ilizinduliwa. Serikali iliiondolea ushuru ili mwananchi wa kipato cha chini apate kinywaji salama kwa bei nafuu. Baadaye ilianza kutengenezwa kwa mtama, hasa aina ya Gadam, ambao hukomaa kwa muda wa miezi mitatu hivi na kustahimili ukame. Hatimaye zao la chakula likawa pia zao la biashara.

Kisha, Oktoba 2013, serikali ikaitoza bia hiyo nusu ya ushuru wa kawaida. Bei ilipanda, wanywaji wengi wakarudia pombe haramu na mauzo yakaporomoka. Pigo hilo lilimfikia mkulima wakati Ukambani inatayarisha mashamba kwa mvua ya vuli. Afueni ya ushuru iliporejeshwa mwaka wa 2015 soko lilifufuka, na mwaka wa 2019 kiwanda cha bia cha Kisumu kilifunguliwa upya kwa gharama ya Sh15 bilioni.

Somo hapa ni wazi. Serikali ina haki ya kutoza ushuru, na madhara ya ulevi hayawezi kupuuzwa. Lakini mabadiliko yatangazwe mapema, kabla ya msimu wa kupanda. Mbegu ikishaingia ardhini, mkulima hana njia ya kurudi nyuma.

Mkulima naye asikae akingojea huruma ya wakubwa. Asiuze peke yake kwa dalali wa barabarani. Ajiunge na chama cha ushirika na adai mkataba ulioandikwa unaotaja bei, kiasi na tarehe ya malipo kabla ya kupanda. Baada ya kuvuna, akaushe nafaka hadi unyevu usizidi asilimia 13, la sivyo itaota ukungu na kukataliwa na mnunuzi.

Wafanyabiashara wadogo pia wana nafasi. Unga wa uji, kimea cha ulezi na chakula cha kuku ni masoko yasiyoyumbishwa na ushuru wa bia. Mkulima asiuze mtama wote kwa kiwanda. Atenge sehemu kwa soko la karibu na sehemu kwa chakula cha nyumbani.

Kiwanda ni mteja mzuri, lakini asiwe mteja wa pekee.