Asiyekunywa Mvinyo Naye ni Mgeni

Ukiingia katika hoteli kubwa za miji yetu, zile za vitambaa vyeupe mezani na uma mbili mbili kando ya sahani, utaletewa vitabu viwili. Kimoja ni cha chakula. Cha pili ni cha mvinyo, nacho kimepangwa kwa uangalifu: huu unywewe na samaki, huu na nyama, huu baada ya kula. Lakini mgeni akisema, "Mimi situmii pombe," kitabu hufungwa hapo hapo. Mhudumu humwuliza swali moja tu: "Soda gani?"

Swali hilo linaniudhi. Wasiotumia pombe nchini ni wengi: Waislamu, Wakristo wa madhehebu kadhaa, wagonjwa, madereva, mama wajawazito. Chakula wanalipia bei ile ile. Kwa nini mwenzao achaguliwe kinywaji cha kuandamana na kila sahani, nao wapewe maji ya sukari yanayofunika ladha ya kila kitu?

Wenye hoteli watajitetea kwamba elimu ya kulinganisha chakula na kinywaji ni ya mvinyo. Nawaomba wafunge safari hadi Modogashe, mji ulioko zinapokutana njia za Garissa, Isiolo na Wajir. Hawatakuta vitambaa vyeupe, ila elimu hiyo wataikuta, nayo ni ya kale.

Katika nchi ile ya wafugaji, nyama ya ngamia hushushwa kwa maziwa ya ngamia. Chombo cha maziwa hufukizwa kwanza kwa vijinga vya miti iliyochaguliwa. Moshi husaidia maziwa yasiharibike upesi, na huyapa harufu inayopatana na nyama iliyochomwa. Chakula kikiwa na mafuta mengi, kuna susa, yaani maziwa ya ngamia yaliyoachwa yakachachuka. Uchachu wake husafisha kinywa. Nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta, inapendeza kwa chai ya iliki, mdalasini na tangawizi. Kila kimoja kina mwenzake.

Hata Ulaya wamekwisha amka. Mkahawa wa Noma mjini Copenhagen, uliofunguliwa mwaka 2003, ulipata sifa pia kwa kumpangia mgeni asiyetaka mvinyo vinywaji vya matunda na mimea, kimoja kwa kila sahani. Je, tungoje wageni watufundishe la nyumbani?

Wako watakaosema kwamba harufu ya moshi haimpendezi kila mtu, na kwamba maziwa mabichi yanaweza kuleta maradhi. La kwanza ni kweli, lakini hata mvinyo mkali haumpendezi kila mtu. La pili ni kweli zaidi, na dawa yake inajulikana: maziwa yachemshwe au yapitishwe kiwandani, ndipo yachachushwe kwa usafi. Nanyuki kimekuwapo kiwanda cha maziwa ya ngamia tangu miaka ya 2000. Basi udhuru uko wapi?

Jambo hili si la anasa tu. Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na ngamia wapatao milioni 3, wengi wao kaskazini. Katika ukame wa 2020 hadi 2023 ng'ombe walikufa kwa wingi. Ngamia ndiye anayeweza kuendelea kutoa maziwa wakati ng'ombe amekauka. Maziwa hayo huuzwa zaidi na akina mama, wanaoyapakia mitungini hadi Eastleigh, Nairobi. Kikombe kimoja cha susa katika orodha ya hoteli kubwa kingekuwa soko jipya kwa mama huyo.

Kuna hasara nyingine. Kijana wa Modogashe akiona kwamba kinywaji cha nyumbani kwao hakina nafasi penye meza ya heshima, atakionea haya, naye aanze kuagiza soda kwa nyama ya ngamia. Hapo elimu ya bibi yake itakuwa imekufa, wala hakuna atakayeandika tanzia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mhudumu akikujia na swali lake la "Soda gani?", usimjibu. Mwulize wewe: "Susa mnayo?"