Mtungi, Mbu na Mfereji

Katika miji yetu, homa inapoenea, ni desturi kuwalaumu wakazi wa mitaa ya uswahilini kwamba ni wachafu. Twasema lawama hiyo ni nyepesi mno, na historia ya nchi yetu yenyewe yaikanusha.

Mwaka 1952, juu ya uwanda wa Umakonde, wilayani Newala, ulizuka ugonjwa mpya kwa madaktari. Mtu alishikwa na homa ghafula, viungo vikamuuma hata asiweze kusimama wima. Wamakonde wakauita chikungunya, yaani kinachokunja. Na leo dunia nzima yatumia neno lao. Madaktari walioandika habari zake mwaka 1955 walimtilia shaka mbu wa Aedes, ambaye walimkuta akizaliana majumbani, katika vyombo vya maji.

Kwa nini majumbani? Kwa sababu uwandani maji yalikuwa haba. Akina mama walishuka mabondeni, wakapanda tena na maji kichwani. Maji yaliyopatikana kwa jasho namna hiyo hayamwagwi ovyo, huwekwa. Aliyemlea mbu yule si uchafu, bali ni kiu.

Wala hayo si mambo ya kale tu. Mwaka 2014, na tena mwaka 2019, homa ya dengi, ambayo huenezwa na mbu huyo huyo, iliwashika watu wa Dar es Salaam. Mfereji ukikauka, kila nyumba hujaza mapipa, ndoo na madebe. Na mbu huyu huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi.

Basi wajibu uko pande mbili. Sisi wanachama na wafanyakazi tufunike maji yetu, na kila juma tumwage mabaki na kusugua kuta za chombo; maana mayai hushika ukutani, nayo huweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja maji. Kazi hii ifanywe na mtaa mzima kwa siku moja. Mbu hajui mpaka wa ua, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini halmashauri nazo zisidhani zimemaliza kazi kwa kumtuma Bwana Afya na kitabu cha faini. Kumtoza mama faini kwa ajili ya pipa alilolijaza kwa kuwa mfereji hautoi maji ni kumwadhibu kwa kosa la mwingine. Apewe maji kwanza. Kisha, akiacha pipa wazi, na aulizwe.

Kibarua aliyekunjwa na homa hapati ujira wa siku hiyo, na sufuria ya nyumbani kwake haipandi jikoni. Kwa hiyo fedha ya kuleta maji mtaani isihesabiwe kuwa anasa. Ni dawa ya kwanza. Tuidai katika mikutano yetu bila kuchoka, na tuidai tukiwa tumekwisha kufunika mapipa yetu.