GIABOKSI YA MKE, KIKI YA MUME: HIVI ANAYECHEKWA NI NANI?

Wiki hii gumzo mtandaoni ni moja tu, yule mchekeshaji wa Kibongo anayeishi Marekani na gari la mkewe. Jina halitajwi hapa, ila wanaomfuatilia wameshamjua.

Klipu ya kwanza ilikuwa ya bata tupu. Jamaa kaazima motahomu ya mshikaji wake, lile basi lenye kitanda, jiko na choo humo humo. Nyuma kaifunga 4x4 ya mkewe kwa chuma, matairi yote manne yako chini kwenye lami, ndani hakuna mtu. Likes zikamiminika. Klipu ya pili gari liko pembeni ya barabara, bibie kanyamaza, giaboksi imekwisha. Siku mbili mbele, namba ya kuchangia ikapostiwa.

Kwenye komenti kuna kambi mbili. Moja inamcheka mke, eti alinunua gari bovu. Nyingine inasema Wazungu wanavuta hivyo kila siku, huo ni mkosi tu. Kambi zote zimechemka.

Kweli, Wamarekani wanavuta hivyo na wana sababu. Motahomu ikishapaki kambini, hakuna anayetaka kulihamisha basi zima kwenda kununua mkate. Gari dogo ndilo la mizunguko. Ila si kila gari linakubali, na kuandikwa 4x4 hakutoshi.

Jeep Wrangler inapendwa sana kwa kazi hii kwa sababu ina transfa unayoweza kuiweka nyutro. Matairi yanazunguka, lakini mzunguko hauingii kwenye giaboksi. Magari mengi ya siku hizi yanayopeleka nguvu matairi yote muda wote hayana hiyo nyutro. Ukiyavuta, vyuma ndani ya giaboksi vinazunguka huku injini imezimwa. Injini ikizimwa, pampu ya oili haifanyi kazi. Chuma kinasaga chuma bila oili, kwa saa kadhaa, kwa spidi ya hairwei. Huo si mkosi, hiyo ni hesabu.

Hata gari lenye jina lilelile linabadilika. Honda CR-V za Marekani hadi za 2014 zilikuwa kipenzi cha watu wa motahomu. Ya 2015 ilipokuja na gia za CVT, Honda ikaacha kuruhusu. Ndiyo maana jibu haliko kwa mshikaji wala YouTube, liko kwenye kitabu cha gari, ukurasa wa kuvutwa. Kikisema hapana, gari linapandishwa juu ya trela, matairi yote manne hewani, maisha yanaendelea.

Na kwenye ile klipu kuna kitu wengi hawakukiona. Hakuna minyororo ya usalama, na taa za nyuma za gari linalovutwa haziwaki. Breki je? Majimbo mengi kule yanataka kinachovutwa kiwe na breki zake kikizidi uzito fulani, na pauni 3,000, kama kilo 1,360, ndiyo kipimo kinachotumika sana. 4x4 nyingi zinapita hapo. Chuma kile kingekatika, giaboksi ingekuwa habari ndogo. Familia ya watu iliyokuwa nyuma yao ndiyo ingekuwa habari.

Sasa turudi kwenye ishu yenyewe. Bibie alishawahi kusema live kwamba gari lile alilinunua kwa zamu za usiku, akihudumia wazee. Ndilo linalompeleka kazini. Kule miji mingi bila gari hutoboi, hakuna bodaboda ya kukuwahisha zamu ya saa tano usiku. Kwa hiyo kilichoungua si chuma tu, ni mshahara.

Kuna wanaosema mume na mke ni kitu kimoja, kwa nini aombe ruhusa? Sawa. Basi kama ni kitu kimoja, mbona klipu ilikuwa yake peke yake na hasara ni ya wote mpaka mashabiki? Kufungua kitabu cha gari ni dakika kumi. Aliyeshindwa dakika kumi hajawahi kushindwa kukaa saa nzima akitafuta angle ya kamera.

Mchango si dhambi, watu wa ughaibuni wanasaidiana na ni jambo jema. Lakini kabla ya namba ya simu kulitakiwa kuwe na sentensi moja: "Mke wangu, nimekuharibia, naomba radhi." Hiyo haijapostiwa mpaka leo. Badala yake kuna emoji za kulia na neno "mapito".

Mapito ni ya bibie, anayeomba lifti kila jioni aende kazini. Ya jamaa ni uzembe, na uzembe una fundi wake: kulipa.

Wadau, mnachangia giaboksi au mnachangia kiki? Uwanja wa komenti ni wenu.