Daftari la Binti Lisilosomeka



Mwezi huu tumeletewa swali na mama mmoja wa Ujiji. Binti yake wa darasa la saba ana daftari lililojaa alama asizozijua mtu mwingine. Binti anasema ametunga lugha yake mwenyewe. Jirani amemwambia mama kuwa hayo ni mambo ya mashetani, alitie moto. Mama anauliza: alichome au aliache?

Tunamjibu hivi: mama, usilichome. Kaa naye jioni baada ya kazi, umwombe akufundishe.

Akikufundisha utaona kuwa kazi ile ina utaratibu. Mtu anayetunga lugha huamua mambo mawili. La kwanza ni maandishi: kila alama iwe sauti moja, au iwe silabi nzima kama ba na ku? La pili ni sarufi: wingi utaonyeshwaje, na jambo la jana litatofautishwaje na la kesho? Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno, mtoto akawa watoto. Kiha hufanya vivyo hivyo, kama ndugu yake Kirundi. Kiingereza mara nyingi hubandika s mwishoni. Mtoto wa Kigoma anayesema Kiha na bibi yake, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani ameziona njia hizo zote. Si ajabu akitaka kujaribu ya kwake.

Wala mchezo huu si mgeni kwetu. Watu wa pwani walikuwa na kinyume, yaani kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza. Kitabu huwa bukita, na twende sokoni huwa ndetwe nisoko. Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa Askofu kule Zanzibar, alikieleza kinyume katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili cha mwaka 1870.

Katika Kanisa tunaye Mtakatifu Hildegard wa Bingen, mtawa wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1098 na kufariki 1179. Aliandika juu ya mitishamba na magonjwa, akatunga nyimbo, na tena akatunga lugha yenye maneno kama 1,000 na herufi 23 za kwake. Mungu alimwita Aigonz. Karibu maneno yote yalikuwa majina ya vitu, kuanzia Mungu na malaika, viungo vya mwili, hadi mimea na ndege. Sarufi aliazima ya Kilatini. Mwaka 2012 Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa.

Yuko pia Ludwik Zamenhof, aliyekuwa daktari wa macho. Alikulia katika mji ambao watu wa lugha mbalimbali walichukiana, akaanza kutunga lugha ya kuwapatanisha angali kijana. Inasimuliwa kuwa baba yake alizichoma karatasi zake alipokuwa masomoni. Zamenhof aliianza kazi upya, na mwaka 1887 akachapisha lugha iitwayo Esperanto, ambayo hadi leo ina wasemaji katika nchi nyingi.

Hata hivyo, sisi wauguzi tunaongeza neno. Daftari peke yake si ugonjwa wala dhambi. Mwangalie mtoto mwenyewe. Ikiwa halali vizuri, hataki chakula, amejitenga na wenzake, au anamwogopa mtu mzima fulani, huenda kuna jambo linalomwumiza, na maandishi ya siri ndipo mahali pekee anapolisema. Usimchape ili alisome kwa nguvu. Mwulize kwa upole, mkiwa wawili tu, na umsikilize hadi mwisho. Akikueleza kuwa ametendewa vibaya, mpeleke zahanati au kituo cha afya, na utoe taarifa kwa Ustawi wa Jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, na ni bure.

Lakini ikiwa anakula, anacheka na anasoma, mnunulie daftari la pili. Binti anayeona kuwa mama yake ameheshimu siri yake ndogo hatasita kumletea ile kubwa siku itakapomlemea.

Mungu azibariki nyumba zenu.